Nyumba Tuliyoichora Uani

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kuchora, huwajibu kwa mkato: nyumbani. Hapo hunitazama wakitegemea nitaendelea, nitaje kipaji, au baba aliyeninunulia kalamu za rangi. Hakukuwa na kalamu za rangi. Kulikuwa na ua uliofagiwa, kijiti cha mbaazi, na mama aliyekuwa na lake moyoni.

Lake lilikuwa hili. Kabla ya kaka yangu na mimi, mama alikuwa na mtoto mwingine wa kike. Alitembea, akaanza kusema maneno mawili matatu, homa ikamchukua. Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye boma letu la zamani upande wa Songwa, na mama akaweka juu yake jiwe la kusagia lililovunjika. Halafu ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Tuliambiwa sote tukakae pamoja kando ya barabara, karibu na shule na zahanati ambazo zingejengwa. Mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Kaka alikuwa anatembea, lakini alikuwa mtoto wa kulilia uji tu. Baba alibomoa paa ili apate nguzo na fito, tukapakia vyombo kwenye mkokoteni, kuta zikaachwa zinyeshewe. Dada yetu tukamwacha pale pale. Mgambo waliokuja kutuhimiza hawakuwa na maelekezo kuhusu waliozikwa.

Kijiji kipya kilipimwa na mtu mwenye kamba na vigingi, na kwa kweli huyo ndiye mchoraji wa kwanza niliyepata kuona kazi yake. Alipenda mistari. Nyumba zote zilisimama safu moja baada ya nyingine, za pembe nne, na milango yote ilitazama barabara. Ukitoka nje asubuhi unakutana na jua usoni na barabara miguuni. Mimi sikujua kwamba nyumba inaweza kukaa vingine. Nyumba ina mlango na mlango unatazama barabara, ndivyo nilivyoikuta dunia.

Mama alianza kutufundisha kuchora mara tu nilipoweza kushika kijiti bila kujichoma nacho. Ilikuwa wakati wa kiangazi, akisharudi shambani, kabla hajawasha moto wa jioni. Alinyunyiza maji uani ili vumbi litulie, akafagia mpaka ardhi ikawa safi, akakaa kizingitini na sisi mmoja huku na mmoja huku, sote tukitazama barabara. Kwanza alichora duara kubwa, akaacha pengo. Duara ndio msonge, nyumba yetu ya zamani. Pengo ndio mlango. Pengo hilo aliliacha upande wa mbele yetu, kwa sababu alichora kama mtu aliyekaa ndani ya nyumba yake akitazama nje. Mbele ya mlango akachora zizi, na nje ya vyote akazungusha ua wa minyaa na lango lake. Halafu akageuka, akatafuta kokoto, akaiweka nyuma ya duara, karibu kabisa na ukuta.

“Huyu ni nani?” akauliza.

“Dada,” tukajibu.

“Yuko wapi?”

“Nyuma ya nyumba, mayu.” Mayu ndivyo tulivyomwita mama, kwa Kisukuma.

“Nyuma wapi?”

“Usawa wa kitanda chako.”

“Sawa. Ukuta tu katikati,” alisema, kisha akafuta kila kitu kwa kiganja na kutukabidhi kijiti. “Haya, chora wewe.”

Tulichora. Kaka alichora vizuri kuliko mimi, mkono wake haukutetemeka, na duara lake lilikuwa linakutana pale lilipoanzia. Langu lilitoka na tumbo. Mama hakujali tumbo. Alichojali ni kokoto. Ukiiweka mbali na ukuta alikushika mkono na kuusogeza. Mara moja nilicheza na ile kokoto nikaipoteza, nikaweka punje ya mahindi badala yake, na kuku akaja akaila. Mama aliondoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Siku hiyo uji ulichelewa sana.

Siku nyingine, akiwa na moyo mzuri, aliturahisishia. Alituachia tuchore kwa mkaa ukutani, tuchore kuku, chungu, jembe, chochote tulichotaka. Lakini mwisho lazima turudi kwenye nyumba. Nadhani aliogopa kwamba tukikua tutaizoea hii ya pembe nne na kuisahau ile. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika. Alikuwa na vikope, ule ugonjwa unaofanya kope zigeuke ndani na kukwaruza jicho, na kila wiki mmoja wetu alimng’oa zile kope kwa kibano huku yeye amelaza kichwa mapajani petu. Alikuwa akisema, “Mimi haya macho hayatanirudisha kule. Ninyi ndio mtaniletea.” Tulidhani anasema tu. Watoto hudhani wakubwa wanasema tu.

Baba hakuwahi kuchora nyumba. Alipotukuta kwenye duara na kokoto alipita kando akaenda kuangalia ng’ombe, au kujifanya anaangalia. Yeye alitufundisha ng’ombe. Alikuwa na kanuni zake, na alizishikilia kwa ukali ambao hakuwa nao katika mambo mengine: ng’ombe huanzwa na pembe, unashuka kichwa, unapanda nundu, unakwenda na mgongo mpaka mkia, ndipo unarudi kwa tumbo na miguu, na kijiti hakiinuliwi. “Ukianza na miguu,” alisema, “nundu utaiweka wapi? Utaniletea punda.” Kila ng’ombe aliyemchora alikuwa ng’ombe fulani. Yule mwenye pembe moja iliyolala. Yule mwenye nundu kubwa aliyewahi kuvunja lango. Tuliwajua kwa pembe zao chini kwenye vumbi kabla ya kuwajua zizini.

Kwa bahati mbaya zizini walikuwa wanapungua. Kijiji kizima kilikuwa kimeleta mifugo yake mahali pamoja, na malisho ya karibu yaliisha kabla ya mvua ya kwanza. Ilibidi wapelekwe mbali, na huko wengine walikufa na wengine waliuzwa wakiwa bado wanaweza kusimama. Baba aliendelea kuwachora. Alimchora ng’ombe aliyekufa jana kwa pembe zile zile, akatuuliza ni yupi, tukamjibu, akasema vyema. Kuna jioni moja kaka alimuuliza kwa nini tusimchore ndama mpya, na baba akasema, “Ndama gani?” Kweli hakukuwa na ndama.

Walipobaki wachache kiasi kwamba mtoto angeweza kuwachunga wote kwa fimbo moja, baba alikwenda Geita. Wanaume wengi walikwenda. Walisema kule unachimba shimo, nao shimo wanaliita duara, na ukibahatika unatoka na dhahabu. Aliahidi kurudi mvua zikianza. Mvua zilianza zikaisha. Mtu mmoja aliyerudi alisema duara la kwao liliporomoka, mwingine akasema amemwona mjini Katoro akiwa mzima, amenenepa, ana mke. Mama alizisikiliza habari zote mbili kwa uso ule ule. Mimi nilitamani ile ya Katoro iwe kweli, halafu nikamchukia kwa sababu huenda ilikuwa kweli. Mpaka leo sijui nimlilie au nimtukane.

Tulijaribu kumchora baba. Hatukuwa na picha yake hata moja, na tuligundua kwamba hakuna aliyetufundisha uso. Tulimwomba mama. Alichukua kijiti, akachora duara, na mkono ukasita. Ukiliangalia lilikuwa duara la nyumba. “Watu siwezi,” alisema, akafuta. Kaka akachora fahali mwenye pembe zilizosimama, akaanza na pembe kama alivyofundishwa, akasema huyu ndiye baba. Tukakubali.

Shuleni mwalimu alitupa karatasi, akasema kila mtu achore nyumba yao. Nilifurahi, nikajua leo ni siku yangu. Nikachora duara, pengo, zizi, ua, na kwa kuwa kokoto haikai kwenye karatasi nikakoleza nukta nyeusi nyuma ya ukuta. Mwalimu akasimama juu yangu.

“Hii nini?”

“Nyumba, mwalimu.”

“Paa liko wapi? Madirisha yako wapi? Hili ni sinia.”

Darasa likacheka, na mimi nikaitwa Sinia mpaka nilipomaliza shule. Alinichorea ubaoni mraba wenye pembetatu juu yake, mlango katikati, jua pembeni. Ndivyo walivyochora wote. Nyumbani nilimwonyesha mama ile nyumba ya mwalimu uani kwa kijiti. Wakati huo alikuwa anaona vivuli tu, akaipapasa kwa vidole. “Hii imesimama,” alisema. “Sasa mtu aliyelala nyuma yake utamwonyesha wapi?” Nilikereka. Nilikuwa nimechoka na yule dada. Kila kitu kilikuwa chake, hata vumbi la uani.

Miaka ikapita hivyo. Mama akapofuka kabisa. Kisha likaja jambo jingine, la tumboni, lililomkausha taratibu, na zahanati walimpa vidonge vyeupe na baadaye wakaacha kumpa. Alipoona hawezi tena kuamka bila kushikwa, alituita mimi na kaka. Kaka alikuwa ameanza kuota ndevu. Alituambia tuende kule tukamletee udongo wa kaburi la mtoto wake. Akifa, azikwe nao.

“Mimi walinihamisha,” alisema. “Yeye hawakumhamisha. Amekaa kule peke yake muda wote huu. Basi nije niwe naye hata kwa kiganja kimoja.”

Kaka akasema tutakwenda. Mama akamtaka achore kwanza. Kaka akakaa kizingitini pale alipokuwa akikaa mama, akachora, na mama akapitisha vidole polepole kwenye mifereji ya mchoro: ukuta, mlango, zizi, kokoto. Akatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu habari za Katoro. “Sijawafundisha bure,” alisema.

Tulipanda lori lililokuwa linakwenda kubeba pamba, likatushusha njiani, tukalala kwa jamaa ya mama. Alfajiri tukatembea. Mama alikuwa ametuelekeza: ukivuka lambo, fuata kijito kikavu, utaona kichuguu kikubwa, na nyumba ilikuwa ng’ambo yake. Lambo tuliliona, na kichuguu pia. Bwana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi tulimwamkia shikamoo, tukamuuliza, akatuonyesha kwa kidevu mahali palipohamwa: “Yale pale matongo.”

Palikuwa na tuta la udongo uliokwisha kulainishwa na mvua, la mviringo, limeota majani. Hilo tu. Minyaa ilikuwa imeng’olewa yote na pamba ililimwa mpaka karibu na tuta, pande zote. Zizi halikuwepo hata alama. Nilitegemea moyo wangu ungeruka nikifika mahali nilipopachora maisha yangu yote. Haukuruka. Nilimtazama kaka, ambaye siku zote alidai anapakumbuka, nikaona kwamba na yeye alichokumbuka ni mchoro.

Basi tukaufuata mchoro. Kaka akasimama juu ya tuta, akajielekeza kama tulivyokuwa tukikaa uani, jua la asubuhi usoni. Mbele, mlango. Nyuma, dada. Tukashuka upande wa nyuma, tukatafuta jiwe la kusagia katikati ya mipamba, hatukuliona. Hilo halikutushangaza. Jiwe zuri haliachwi limekaa bure. Tukainama karibu kabisa na tuta, usawa wa kitanda, tukachota. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unaingia kiganjani wenyewe. Tulijaza kopo la maziwa ya unga, kaka akasema “Twende nyumbani, dada,” na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamlilia yule mtoto.

Mama alilipokea kopo kwa mikono miwili. Aliingiza vidole, akasugua udongo taratibu, akaupeleka puani, akaupeleka shavuni. Tulikaa tukamwangalia. Nilifikiri, sasa angalau kitu kimoja kimekwenda sawa katika nyumba hii.

“Ni laini sana,” alisema.

“Ndiyo, mayu.”

“Kule nyuma palikuwa na changarawe. Baba yenu alilalamika sana alipokuwa anachimba.” Akasugua tena. “Labda ni majembe ya watu.” Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za safari, “Jua liliwachoma?”

“Halikuwa kali,” nilijibu. “Ilikuwa asubuhi. Ila lilitupiga machoni tulipokuwa tunachota.”

“Mkitazama nyumba?”

“Ndiyo. Tumeipa uso, tumeinama ukutani.”

Vidole vyake vikasimama ndani ya kopo.

“Jua la asubuhi lilitokea juu ya nyumba likawajia ninyi,” alisema.

“Ndiyo, mayu.”

“Basi mlikuwa mlangoni.”

Kaka akakataa. Akamweleza kwa adabu, kidogo kidogo, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mlango ulikuwa upande wa pili, alisema, upande wa macheo, unatazama barabara. Ndivyo alivyotufundisha. Ndivyo kaka mwenyewe alivyochora hata juzi, na mama akaupapasa mchoro akaukubali.

“Barabara gani, mwanangu?” mama akasema. “Kule hakukuwa na barabara.”

Mlango wa msonge ulitazama machweo. Mvua za kwetu huja na upepo wa macheo, na baba alikuwa ameipa mvua mgongo wa nyumba. Kila aliyeingia nyumba ile alijua, kwa hiyo hakuna aliyepata kusema. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti kipya, kinachotazama macheo, na kuchora nyumba yake ya zamani jinsi alivyokuwa anaiona kichwani, mbele ni mbele na nyuma ni nyuma. Sisi tuliigeuza pamoja na kijiji. Kila alipotuuliza yuko wapi tulimjibu sawasawa, na kila alipopapasa mchoro aliukuta sawasawa, na udongo tuliomletea ulikuwa wa zizini.

Hakutulaumu. Ningependa angetulaumu. Alisema tu, “Tutarudi,” akimaanisha mimi na kaka, na kaka akasema kesho kutwa. Mvua zikawahi. Ardhi ya mbuga ikishalowa haipitiki, inashika mguu mpaka goti, na malori ya pamba yakaacha kwenda. Tukangoja pakauke. Kila asubuhi mama aliuliza kama nje kumekauka, akinyoosha shavu kuelekea mlangoni ili alisikie jua. Kisha akaacha kuuliza, na siku aliyofariki mvua ilikuwa ingali inanyesha.

Walimzika kwenye makaburi ya kijiji, ambayo nayo yamepangwa kwa safu. Kaka alitaka kulitupa lile kopo. Nikamzuia, si kwa sababu nilikuwa na wazo bora. Hatukuwa na udongo mwingine. Nikaumimina kando ya kichwa chake, udongo mweusi wa ng’ombe wa baba, na watu wazima waliosimama pale wakadhani ni mila fulani ya upande wa mama, hawakuuliza.

Baada ya msiba kaka alikwenda Geita. Alisema akipata kitu tutarudi kule Songwa pamoja na kuchota upande ulio sawa. Niliendelea kumngoja kwa muda, halafu nikaacha. Mimi ningeweza kwenda peke yangu. Najua sasa ni upande gani. Lakini nikienda nitachota, na nikishachota nitaupeleka kwa nani?

Watoto wangu walipofikia umri wa kushika kijiti waliniomba niwafundishe kuchora. Niliwakatalia kwanza, nikawaambia waende kwa mwalimu wao. Walinisumbua mpaka nikanyunyiza maji uani, nikafagia, nikakaa nao kizingitini. Nikachora duara. Nilikuwa nimekwisha kujiambia, mara hii liache pengo upande wa machweo, upande wa mgongo wako, ni jambo dogo, ni kuzungusha mkono tu. Nikainua kijiti nikatazama. Pengo lilikuwa mbele yangu, linatazama barabara.